Pasi ya treni Ulaya: Pasi ya bao au boko?

KIPALAPALA, nje kidogo ya mji wa Tabora, wengi wanaijua kwa sababu ya Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo. Lakini ukikaa na mashabiki wa soka wa upande huo utagundua jambo lingine. Hawa watu wanaijua treni.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na mwaka 1928 tawi lake likafika Mwanza. Mtoto wa huku anajua tofauti ya daraja la tatu, la pili kukaa na la pili kulala kabla hajajua kazi ya beki namba mbili. Na ukiangalia ramani ya soka letu, shabiki wa Tabora ana bahati. Mashujaa wapo Kigoma, Pamba Jiji wapo Mwanza, Dodoma Jiji wapo Dodoma, na wakubwa wote wapo Dar es Salaam. Kote huko reli inafika.

Ndiyo maana shabiki wa namna hii akianza kupanga safari ya kwenda kuona soka Ulaya, na siku hizi wapo wanaopanga kweli siyo kwa stori za kijiweni, kitu cha kwanza kumnasa kwenye simu ni tangazo la pasi ya treni. Siyo pasi ya kusafiria ile ya Uhamiaji, wala pasi ya mwisho ya Feisal Salum. Ni tiketi moja ya mtalii inayomruhusu kupanda treni za nchi moja, au za nchi nyingi, kwa idadi fulani ya siku. Ile maarufu zaidi inafanya kazi katika nchi 33. Lipa mara moja, zunguka utakavyo.

Inasikika tamu. Tatizo ni kwamba inalipiwa mamia ya euro, na mara nyingi inalipiwa mapema, wakati mtu hajapata viza, hajapata tiketi ya mechi, na ratiba yenyewe bado inayumba. Kwa mtu anayeweka akiba ya tumbaku au asali misimu mitatu ili aione Arsenal kwa macho yake mara moja katika maisha, mamia hayo ya euro ndiyo hoteli yake. Akikosea hapo, analala stesheni.

SAFARI AU SIKU?

Jambo lenyewe siyo geni Unyamwezini. Njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilipita huku huku. Kwihara, jirani tu, ndiko David Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Kwenye njia ile kulikuwa na namna mbili za kulipana. Wapagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida walipatana ujira wa safari nzima, mzigo kutoka hapa mpaka kule kwa bei hii. Waungwana wa pwani, wengi wao, walilipwa kwa mwezi. Tajiri aliyelipa kwa mwezi, halafu msafara ukakwama kwa mvua au kwa vita, alikuwa analipia watu waliokaa.

Pasi ya treni ni mkataba wa namna ile ya pili. Kwa tiketi ya kawaida unanunua safari. Kwa pasi unanunua siku. Siku ukiitumia vizuri umewapiga bao, ukikaa hotelini unaangalia mvua, wamekupiga wao.

Hesabu yake haihitaji profesa. Chukua bei ya pasi, gawa kwa siku za kusafiri. Kama pasi ni euro 280 kwa siku nne ndani ya mwezi mmoja (ni namba ya mfano, bei halisi hubadilika kila mara), kila siku inakugharimu euro 70. Sasa jiulize, katika kila siku kati ya hizo nne, treni utakayopanda ingekugharimu zaidi ya euro 70 ukinunua tiketi peke yake? Kama jibu ni ndiyo kwa siku zote nne, nunua. Kama ni ndiyo kwa siku moja tu, acha.

Ukitaka kuielewa zaidi, ilete nyumbani. Treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma ilipoanza Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh31,000, na Dar hadi Morogoro Sh13,000. Sasa fikiria Shirika la Reli lingeuza pasi ya siku tatu kwa Sh150,000. Haipo, ni mfano tu. Ili uirudishe hela yako ungehitaji kwenda na kurudi Dodoma mara mbili, kisha uende tena mara ya tano, yote ndani ya siku tatu. Nani ana shughuli hiyo? Labda mwamuzi aliyepangiwa mechi tatu.

Wajapani wametoa somo zuri zaidi la jambo hili. Kwa miaka mingi pasi yao ya siku saba ya watalii ilikuwa inasifiwa dunia nzima. Iliuzwa yeni 29,650, na kwenda na kurudi tu kati ya Tokyo na Kyoto kwa treni ya mwendokasi ni kama yeni 28,000. Ukiongeza safari moja fupi, hela imerudi. Oktoba 1, 2023 bei ikapandishwa hadi yeni 50,000. Safari ni ileile, treni ni ileile, lakini sasa mtu anahitaji karibu safari mbili za kwenda na kurudi ndani ya wiki moja ndipo aone faida. Bado kuna watu wanainunua kwa sababu walisikia kwa rafiki aliyekwenda zamani kwamba ni dili. Aliyekwenda Tokyo Septemba 2025 kumwona Alphonce Simbu akichukua dhahabu ya dunia ya marathoni, akarudi nyumbani, hakuihitaji kabisa. Mbio zilikuwa mjini.

STARS WALITUONYESHA MOROCCO

Mfano wa karibu kabisa na shabiki wetu ni Afcon ya Morocco. Taifa Stars walipangwa Kundi C pamoja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Mechi ya kwanza walicheza Fez, Desemba 23, 2025, wakafungwa 2-1 na Nigeria. Baada ya hapo wakahamia Rabat. Sare ya 1-1 na Uganda, sare ya 1-1 na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia Tanzania ikavuka hatua ya makundi. Januari 4 wakatolewa kwa bao 1-0 na wenyeji, hapohapo Rabat.

Sasa mfuatilie shabiki aliyekuwa nyuma ya timu siku zote hizo. Mechi nne, karibu wiki mbili. Safari ndefu ya treni aliyohitaji baada ya kufika Fez ni ngapi? Moja. Fez kwenda Rabat, saa chache tu. Morocco ina treni ya kisasa kuliko zote Afrika, Al Boraq, inayokimbia hadi kilomita 320 kwa saa kati ya Casablanca na Tangier tangu Novemba 2018, na bila shaka kuna waliotamani kuipanda. Lakini Stars hawakucheza Tangier. Treni ya kifahari isiyokwenda kwenye mechi yako ni ya kupigia picha tu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanapanga safari kwa kuangalia ramani ya reli badala ya ratiba ya mechi. Anayefuata timu moja kwenye mashindano huwa hatembei sana kama anavyodhani. Chan ya Agosti 2025 iliandaliwa na nchi tatu, lakini Stars walicheza mechi zao zote Dar es Salaam, kuanzia ya kwanza hadi walipotolewa na Morocco robo fainali. Nchi tatu, uwanja mmoja.

Na kuna jambo lingine kuhusu mashindano. Mara nyingi wenyeji wanakupa usafiri bure, au unakuwa umeshaulipia ndani ya tiketi ya mechi. Kombe la Dunia Russia mwaka 2018, mwenye tiketi na kitambulisho cha shabiki alipanda bure treni maalumu kati ya miji ya mechi. Qatar 2022, kadi ya Hayya ilifungua milango ya metro. Euro 2024 kule Ujerumani, kila tiketi ya mechi ilikuja na saa 36 za usafiri wa umma bure katika eneo la mji wa mechi. Euro ya wanawake Uswisi mwaka 2025, tiketi ya mechi ilimbeba shabiki kwa treni kutoka popote ndani ya nchi hadi uwanjani na kumrudisha. Uswisi! Nchi ambayo pasi yake ya watalii ni miongoni mwa ghali kabisa Ulaya. Aliyenunua pasi ya siku zote na tiketi za mechi alilipa mara mbili kwa siku za mechi.

PASI SIYO KITI

Mtu wa Tabora anajua kuwa tiketi ya kukaa siyo tiketi ya kulala. Aliyepanda SGR anajua pia kwamba tiketi yake ina namba ya behewa na namba ya kiti. Kwa hiyo akisikia "pasi ya treni zote" anadhani amepata na kiti. Hajapata.

Kwenye treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania, na kwenye Eurostar inayopita chini ya bahari kutoka London, mwenye pasi lazima akate nafasi ya kiti na alipie juu ya bei ya pasi. Kwa Eurostar malipo hayo yanafika makumi ya euro, na viti vya watu wenye pasi vina kikomo. Vikijaa, vimejaa, hata kama treni yenyewe ina nafasi kwa mnunuzi wa tiketi ya kawaida. Shabiki anayetaka kutoka London kwenda Paris asubuhi ya mechi ya Ligi ya Mabingwa, siku ambayo nusu ya London nayo inakwenda, anaweza kubaki stesheni na pasi yake mkononi.

Ujerumani ni tofauti. Huko treni nyingi, hata zile za kasi, unapanda na pasi bila kukata kiti, ukikuta nafasi unakaa, usipokuta unasimama. Kwa aliyewahi kusimama daraja la tatu na gunia la karanga miguuni, hilo siyo geni.

Ila usidhani treni ya Mjerumani inafika kwa dakika. Enzi hizo zimepita. Kwenye Euro 2024 Philipp Lahm, nahodha aliyebeba Kombe la Dunia 2014 na ambaye ndiye alikuwa mkurugenzi wa mashindano yale, alichelewa kuanza kwa mechi ya Slovakia na Ukraine mjini Düsseldorf kwa sababu treni yake ilikawia. Kama Lahm alichelewa kwenye mashindano yake mwenyewe, wewe wa kutoka Kipalapala jipe saa tatu.

DABI YA MACHI 8

Mpaka hapa pasi inaonekana kama boko. Lakini kuna upande mmoja ambao matangazo yenyewe hayausemi vizuri, na shabiki wa soka ndiye anayepaswa kuujua kuliko mtalii wa kawaida.

Machi 8, 2025. Dabi ya Kariakoo, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Watu walitoka mikoani kwa mabasi na treni, wengine walilala Dar tangu juzi yake. Simba wakasema hawachezi, baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Bodi ya Ligi ikaiahirisha siku ileile. Ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Aliyetoka Tabora Machi, nauli yake ya kwenda na kurudi ililiwa na mechi ambayo hakuiona.

Ulaya mechi haziahirishwi kwa staili hiyo, lakini zinahamishwa sana. Televisheni ndiyo bosi. Mechi ya Jumamosi alasiri, ile ambayo huku tunaiona saa 12 jioni, inaweza kusogezwa ikawa Jumapili au Jumatatu usiku. Kombe likiingilia kati, inasogezwa wiki nzima. Sasa zile tiketi za bei poa za treni, za Uingereza na za Ujerumani, zinauzwa kwa sharti moja. Unafungwa kwenye treni uliyoichagua, siku ile, saa ile. Ujerumani zile za chini kabisa kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikianzia chini ya euro 20, bei nzuri sana, lakini hazirudishwi. Mechi ikihamishwa, tiketi imekufa.

Pasi haifi. Siku ambayo hujaianza bado ni yako, mradi uko ndani ya mwezi wako. Mechi ikitoka Jumamosi kwenda Jumatatu, unakwenda Jumatatu. Timu ikitolewa mapema na ukaamua kwenda kuangalia nyingine mji wa pili, unapanda. Ndiyo thamani yake kwa shabiki. Kwa bei tupu, tiketi ya mapema karibu kila mara itaishinda pasi. Kwa kufuata mechi zinazohama, pasi ndiyo yenye miguu.

Kwa hiyo swali la "ni bei rahisi?" peke yake halitoshi. Shabiki ajiulize pia mechi zake zimethibitishwa kiasi gani, na zipo umbali gani.

LONDON TU? ACHA KABISA

Tuje kwenye ukweli wa mashabiki wetu. Wengi hawaendi kuzunguka Ulaya. Wanakwenda England, na wengi wao wanakwenda kuona timu moja.

Msimu wa 2025/26 London peke yake ina timu saba za Ligi Kuu: Arsenal, Chelsea, Tottenham, West Ham, Crystal Palace, Fulham na Brentford. Mtu anaweza kukaa wiki mbili akaona mechi tatu nne bila kutoka ndani ya jiji. Zote anazifikia kwa treni za mjini, unagusa kadi ya benki getini unapita. Wanaokwenda Emirates wana stesheni yao kabisa ya chini ya ardhi inayoitwa Arsenal, imepewa jina hilo tangu 1932. Pasi ya watalii ya reli za Uingereza kwa mtu huyu haina kazi. Akitaka kwenda Anfield au Old Trafford mara moja, ni saa mbili na kitu kutoka London, akate tiketi ya kwenda na kurudi, basi.

Mtu wa pili ni yule mwenye ndugu Ujerumani, na anataka kuona Dortmund, labda na Leverkusen na Köln kwa kuwa zipo jirani. Huyu naye hahitaji pasi ya nchi 33. Wajerumani wana tiketi yao ya mwezi ya nchi nzima iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 ikawa euro 58, na Januari 2026 ikafika euro 63. Inapandisha treni za mikoa, tramu na mabasi. Haipandishi zile za kasi, lakini Köln hadi Dortmund ni saa moja na ushee kwa treni ya mkoa, nani anataka kasi? Angalizo moja: inauzwa kama uanachama wa kila mwezi. Usipoisimamisha kabla ya tarehe 10, mwezi unaofuata wanakukata tena, wewe ukiwa umeshavuna karanga zako Kipalapala.

Ndugu huyo wa Ujerumani anaweza pia kuleta mtego bila kujua. Atapiga simu: "Mjomba, usihangaike, nakununulia Interrail huku, ni rahisi tu." Asinunue. Interrail ni ya watu wanaoishi Ulaya. Anayetoka Tanzania anatakiwa Eurail, na pasi inaandikwa jina na namba ya hati ya kusafiria. Mkaguzi akiona hati ya Tanzania isiyo na kibali cha kuishi Ulaya, kazi ipo. Bei za pasi hizo mbili hazitofautiani hata kidogo cha kupigania. Cha kuchekesha, mjomba mwenyewe akiwa na Interrail yake haruhusiwi kuizungusha ovyo ndani ya Ujerumani anakoishi. Ana safari moja ya kutoka nje ya nchi na moja ya kurudi. Kwa hiyo mgeni wa Kipalapala ana uhuru kuliko mwenyeji wake.

WA TATU NDIYE MTEJA

Sasa mchukulie shabiki wa tatu. Huyu kichwa chake kimejaa. Anataka Arsenal Jumamosi, Dortmund Jumanne, San Siro Jumamosi inayofuata, kisha Roma, ambako padri wa kwao aliyepita Kipalapala yuko masomoni na amemwahidi kumpokea. London hadi Dortmund, Dortmund hadi Milan ukikatiza Uswisi, Milan hadi Roma. Ni siku tatu ndefu hasa, na ya nne ya akiba mechi ikihama. Tarehe za mechi mbili kati ya hizo bado hazijathibitishwa.

Huyu anunue. Siku ya London hadi Dortmund peke yake, akikata tiketi ya dakika za mwisho, mara nyingi itavuka euro 100 kwa urahisi. Aongeze gharama za viti vya Eurostar na treni ya kasi ya Italia, na bado pasi ya siku nne itambeba. Kama hajavuka miaka 27 ana punguzo la vijana, na kuanzia 60 kuna la wazee. Daraja la pili linatosha kabisa, asidanganyike na la kwanza.

Ila naye alinganishe na ndege za bei chee. London kwenda Milan kwa ndege inaweza kuwa nafuu kuliko siku moja ya pasi, mpaka watakapomtoza begi, na nauli ya kutoka uwanja wa ndege ulioko nje ya mji. Treni inamshusha katikati ya jiji. Kwa mtu anayefika mji mgeni saa nne kabla ya mechi, hiyo nayo ni hela.

Kuna kanuni ndogo ambayo inamsaidia shabiki wa mechi za usiku. Siku ya pasi inahesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku. Mechi ya saa tatu usiku ya huko inaisha karibu saa tano, na treni ya mwisho imeshaondoka au inaondoka sasa. Akipanda treni ya usiku kabla ya saa sita na asibadilishe treni njiani, siku inayokatwa ni ile aliyoondokea tu, hata akishuka asubuhi. Akipanda saa sita na dakika kumi, amekula siku nyingine. Dakika za nyongeza za mwamuzi zinaweza kumgharimu euro 70.

Wamarekani wao wanahesabu tofauti kabisa. Pasi ya treni zao za Amtrak ina vipande 10 ndani ya siku 30, na kila ukipanda treni ni kipande. Ukibadilisha treni njiani umetumia viwili. Na kutoka New York hadi Los Angeles ni siku tatu hivi ndani ya behewa. Mtu wa Tabora aliyezoea kulala njiani hatashtuka, lakini mechi hazimsubiri.

VIZA NDIYO KIPA

Yote haya hayana maana kama viza haijatoka. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Ubalozi unataka kuona mpango wa safari, malazi, hela benki na sababu ya kurudi nyumbani. Hautaki kuona pasi ya treni iliyolipiwa, na Uingereza ina viza yake peke yake, tofauti na Schengen. Yule shabiki wa London hadi Roma anahitaji viza mbili kabla hajafikiria behewa.

Basi mpangilio wa busara ni huu: viza, tiketi za mechi kutoka kwa klabu zenyewe, halafu treni. Pasi za siku hizi zinakaa kwenye simu, zinanunuliwa kwa dakika chache, na ukishanunua una miezi 11 ya kuianzisha. Hakuna sababu ya kuikimbilia. Punguzo la msimu likitangazwa, soma kwanza kama pasi ya punguzo inarudishwa, kwa sababu mara nyingi hairudishwi, wakati ile ya bei kamili ambayo haijaanza kutumika hurudishwa kwa makato.

Mwaka 2027 kibao kinageuka. Afcon inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na safari hii wageni ndio watakaouliza kama kuna pasi ya treni. Kenya ina SGR yake ya Mombasa hadi Nairobi tangu 2017, sisi tuna ya Dar hadi Dodoma, na reli hizo mbili hazionani popote. Uwanja mpya wa Arusha upo mbali na SGR. Mgeni anayetaka kutoka Dar kwenda kuangalia mechi Nairobi atapanda ndege au basi. Na yule atakayetaka kuja kuiona Tabora baina ya mechi, aone Kwihara na njia ya wapagazi, atakata tiketi ya SGR hadi Dodoma, ashuke, kisha aulize inapatikana wapi stesheni ya reli ya zamani.